Kuzima majaribio yanayofeli kwenye arm64 na s390x si kurekebisha hitilafu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Ninatunza kifurushi kimoja (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa) ndani ya Debian, mfumo huria wa Linux, ambako msimbo ule ule hujengwa na kujaribiwa kwenye vichakataji vya aina nyingi, kuanzia amd64 ya kompyuta zetu za kawaida hadi s390x ya mashine kubwa za IBM. Toleo jipya lilipotoka, majaribio yalipita kwenye amd64 na i386. Kwenye arm64, ppc64el, riscv64 na s390x, jaribio la kwanza liliganda mpaka seva ya ujenzi ikalikatisha.

Niliwaandikia wasanidi wa programu hiyo, nikaambatanisha kumbukumbu zote za ujenzi. Nilijibiwa kwa mstari mmoja: kwao inafanya kazi, na hawahudumii mashine za makumbusho. Arm64 ya makumbusho, wakati imejaa kwenye simu za watu mifukoni!

Mgawanyo wenyewe wa waliopita na waliofeli ulitosha kuonyesha pa kuanzia. Msanidi alihifadhi jibu la getopt, kitendaji cha C kinachosoma chaguo za mstari wa amri, ndani ya char, aina ya namba ya baiti moja, kisha akazungusha kitanzi mpaka apate -1, ishara kwamba chaguo zimeisha. Kwenye amd64 na i386, char hubeba namba hasi. Kwenye zile nne, chini ya Linux, haibebi, kwa hiyo -1 hugeuka 255 na kitanzi hakikomi. Dawa yake ilikuwa kuandika int, aina pana zaidi inayobeba namba hasi kote, badala ya char, yaani herufi tatu tu.

Baada ya hapo ilibaki s390x peke yake, ambayo ndiyo pekee kati ya hizo inayotanguliza baiti yenye uzito mkubwa, yaani huhifadhi sehemu kubwa ya namba kwanza. Jaribio lilitarajia 1 likapata 16777216, yaani 1 ile ile baiti zake nne zikisomwa kinyume, na ukiiona namba hiyo huna haja ya kutafuta mchawi: mtu amenakili baiti nne za faili moja kwa moja kwenye namba bila kujali mpangilio wake.

Nakiri kwamba mara nyingine kosa ni la jaribio lenyewe. GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kwenye arm64 huweza kuunganisha kuzidisha na kujumlisha kuwa hatua moja inayokadiria jibu mara moja tu badala ya mara mbili, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ya desimali hutofautiana, na hapo anayedai usawa kamili ndiye mwenye makosa. Lakini hata hilo hujulikana kwa kuchunguza, na asiye na mashine anaweza kutumia QEMU, programu inayoiga vichakataji vingine, kwenye kompyuta yake, ingawa ni ya polepole.

Badala yake, toleo lililofuata lilikuja na mstari unaoruka majaribio yote pasipokuwa amd64. Viraka vyangu viwili, yaani marekebisho ya hitilafu hizo mbili, havikuguswa, na taarifa yangu ya hitilafu ilifungwa ikiandikwa kuwa imetatuliwa. Sasa ninavibeba viraka hivyo mwenyewe ndani ya kifurushi, na kila wanapotoa toleo jipya ninaufuta mstari wao kwa mkono kabla ya kujenga.