Ushauri: nataka niangalie Masters of Sex na mume wangu, yeye anaona ni X

Mama_Wawili
Wakuu habarini. Kuna sirizi ya Kimarekani, Masters of Sex, ilitoka 2013 mpaka 2016, sizoni nne. Inamhusu dokta William Masters na msaidizi wake Virginia Johnson kule St. Louis, walianza 1957 kuchunguza mwili unafanyaje wakati wa tendo, watu wanafungwa waya za kupima moyo kabisa. Imenigusa mno maana na sisi ndani kuna mambo hatuongei, taa ikizimwa kila mtu anageukia ukutani. Nikamuwekea mume wangu ipisodi ya kwanza, hata haijafika mbali kaniambia zima hizo X zako. Nimwingieje bila kumuudhi?

Shangazi_Tanga
Mwanangu ile ya kwanza dokta anachungulia danguroni na saa mkononi, mwanaume yeyote atashtuka. Muonyeshe zile za mama Margaret, mke wa bosi wa dokta, mtu mzima ndoa ya miaka, anaenda kujiandikisha kwenye utafiti anakataliwa kwa kuwa hajawahi kufika kileleni. Uso wake pale jamani! Mwigizaji Allison Janney alipewa tuzo ya Emmy 2014 kwa huyo mama na alistahili. Halafu usichukue ya kutafsiriwa na DJ, pale penye uchungu ye anatia masihara.

Kaka_Mkubwa
Dada kabla ya sirizi anza na maneno. Dokta na Virginia 1970 walitoa kitabu cha tiba, na msimamo wao ulikuwa tatizo la chumbani ni la wote wawili, hawatibu mmoja. Wanandoa wanakaa na watabibu wawili, wa kiume na wa kike, na mwanzoni tendo lenyewe linakatazwa, mnapapasana tu kwa zamu, mmoja anasema hapa napenda hapa sipendi. Mwanaume akisikia hatakiwi kufaulu kitu usiku huo presha inashuka, anaanza kuongea. Ukimwambia "tuna tatizo" atasikia "una tatizo", kwahiyo anza na unachokipenda kwake.

Mdau_Moro
Ila msiwachukue kama mfano wa ndoa, dokta alimuacha mkewe akamuoa Virginia 1971, na 1993 wakaachana. Namheshimu zaidi Virginia, hakuwa na digrii lakini jina lake liko kwenye kitabu cha utafiti wao cha 1966.

Mama_Wawili
Asanteni sana. Shangazi nimekusikia. Kaka hiyo ya zamu namwambia leo leo watoto wakilala, sirizi itafuata.