Mashine ya RO, filta ya kaboni au kuchemsha: kipi kinaondoa risasi kwenye maji ya bomba?

MamaPacha
Wakuu, habari za majukumu. Naomba mnisaidie kuchagua. Tumehamia nyumba ya zamani, na kwa kuwa nina pacha wachanga wanaotumia maziwa ya kopo, nikaona nipeleke maji maabara kwanza. Majibu: vijidudu hakuna, floraidi miligramu 0.6 kwa lita, nitreti kidogo sana. Ila risasi ni mikrogramu 22 kwa lita, na mwongozo wa WHO ni 10. Ninafikiria kuchemsha, jagi lenye filta, filta ya kaboni ya kufunga chini ya sinki, mashine ya RO (ile inayosukuma maji kwa presha kupita kwenye utando mwembamba), au maji ya chupa. Nani ametumia nini?

Mzee_wa_Kazi
Mliposema risasi nikadhani mmevamiwa. Chemsha tu binti yangu. Sisi tumekulia maji ya kuchemsha na tupo.

Kipimo
Shikamoo mzee, lakini kwa hili hapana. Moto unaua vijidudu. Risasi ni madini, haifi. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki sufuriani, kwa hiyo lita mbili zikibaki moja na nusu kila kikombe kina risasi nyingi kuliko mwanzo. Floraidi na nitreti ni hivyo hivyo. Taa ya UV, vidonge vya klorini, chujio la udongo: vyote kazi yake ni vijidudu, na dada yetu vijidudu hana.

MamaPacha, sampuli uliichukua saa ngapi, na kiasi gani?

MamaPacha
Alfajiri kabla mtu hajafungua bomba, lita moja. Ndivyo maabara walivyoniagiza.

MajiSafi77
Nunua RO ulale usingizi. Inaondoa risasi, floraidi, aseniki, nitreti, hata chumvi. Yangu ina mwaka wa nne. Kasoro zake sifichi: inataka presha ya kutosha, na inamwaga lita tatu kwa kila lita ninayokunywa. Hayo ya kumwagwa nayakinga kwenye ndoo, napigia deki.

Kipimo
RO ninaipenda pale maji yenyewe yana chumvi au floraidi nyingi. Kwa majibu haya analipia kuondoa vitu asivyonavyo. Kaboni iliyoshindiliwa inatosha, mradi kwenye boksi pawe na NSF/ANSI 53, kiwango cha Marekani cha filta za maji, na risasi itajwe kwa jina. Kiwango hicho hujaribiwa kwa maji yenye mikrogramu 150 za risasi kwa lita, na yanayotoka yasizidi 5. Ukiona namba 42 peke yake, hiyo ni ladha na harufu ya klorini basi. Majagi mengi ni ya 42. Na tarehe ya kubadilisha katriji iandike ukutani kwa kalamu, maana ikichoka haikwambii.

Nilipigwa
Msimwache aende dukani bila onyo. Mimi RO niliuziwa kwa hofu. Muuzaji alikuja na kifaa cha vijiti viwili, akakichomeka kwenye glasi ya maji yangu ya bomba na kwenye glasi ya maji ya mashine yake. Dakika mbili, yangu yakawa kahawia kama matope. Mke wangu akaziba mdomo. Nililipa siku ile ile.

Kumbe kahawia ile ni kutu ya vijiti vyenyewe. Maji ya kawaida yanapitisha umeme, kijiti cha chuma kinaliwa. Maji ya RO karibu hayapitishi, kwa hiyo yanabaki meupe. Na ile kalamu ya TDS wanayotembea nayo inasoma jumla ya chumvi kwa miligramu. Mikrogramu 22 ni miligramu 0.022, namba kwenye kioo haitikisiki hata kidogo.

FundiKoki
Mnabishania filta na hakuna aliyeuliza bomba. Risasi mara nyingi haitoki mtoni wala bwawani, maji huila njiani. Dada, tafuta bomba linaloingia ndani, likwangue kidogo kwa kisu. Likiwa laini, liking'aa kama fedha na sumaku haishiki, hilo ni bomba la risasi lenyewe. Sumaku ikishika ni GI, yaani chuma kilichopakwa zinki. Likiwa la shaba, angalia maungio yaliyolehemiwa zamani. Halafu koki za rangi ya dhahabu: usiamini maandishi tu. Marekani mpaka mwanzoni mwa 2014 koki yenye risasi asilimia 8 iliruhusiwa kuitwa isiyo na risasi.

Fungua pia kijichujio cha mdomo wa bomba ukioshe. Chembe hujificha mle.

MwalimuW
Fundi kasema kweli. Flint kule Michigan, Marekani, 2014, walihamia maji ya mto bila kuweka dawa ya kuzuia maji yasile mabomba. Mabomba yalikuwa yale yale ya miaka yote, ila risasi ikaanza kutoka. Kwa hiyo dada, hata ukipata majibu mazuri leo, rudia kupima siku wakibadilisha chanzo au dawa.

Kipimo
Lita moja inajaza mita kama tano za bomba la nusu inchi, kwa hiyo 22 yako ni mchanganyiko wa koki na bomba. Alfajiri nyingine chukua robo lita ya kwanza peke yake, ndiyo iliyolala kwenye koki na karibu nayo, kisha lita inayofuata, kisha yaache yatiririke dakika tano uchukue ya tatu. Kwa sasa watoto watumie maji ya chupa.

MamaPacha
Nimerudi, wakuu. Bomba ni GI, sumaku imeshika. Robo lita ya kwanza: 64. Lita iliyofuata: 7. Baada ya dakika tano: 2.

FundiKoki
Koki hiyo! Badilisha.

MajiSafi77
Nakubali yaishe, RO haihitajiki.

Kipimo
Badilisha, lakini filta ya 53 ifunge hapo jikoni walau kwa maji ya watoto, kwa sababu koki mpya nayo huweza kutoa risasi kidogo mwanzoni na GI kuukuu hutunza risasi kwenye kutu yake. Kila asubuhi mwaga ya mwanzo mpaka yapoe, umwagilie maua. Ya kupikia yawe ya baridi daima. Ya moto huyeyusha zaidi.

Mzee_wa_Kazi
Haya, nimesoma yote. Na mimi kesho nakwangua bomba langu.

MamaPacha
Koki imebadilishwa jana, filta inafungwa Jumamosi. Fundi, ile ya zamani bado inafunga vizuri na jirani ameiomba.

FundiKoki
Usimpe.