z/VM: Nitajuaje kila mashine pepe inaendesha mfumo gani?

Swali

Wakuu, nimekabidhiwa meinfremu yenye z/VM (mfumo wa IBM unaoendesha mashine pepe nyingi kwenye kompyuta moja) bila kumbukumbu zozote za maandishi. Amri ya QUERY NAMES inanitajia mashine pepe nyingi, karibu zote zikiwa na alama ya DSC (yaani zinaendelea bila mtu kwenye konsoli), lakini haisemi ipi ni Linux, ipi ni z/OS na ipi ni CMS tu (mfumo mdogo wa z/VM wa mtumiaji mmoja). Nimefungua saraka ya watumiaji, nikakuta nyingi zimeandikiwa IPL CMS (yaani ziwashwe kwa CMS), hata zile ambazo majina yake yanaanza na LNX. Je, saraka hii inaaminika?

Jibu la 1

Inaaminika, ila inaeleza mashine inaanza na nini tu. Kwenye z/VM ni desturi mashine ya Linux kuwashwa kwa CMS kwanza, ili PROFILE EXEC (faili ya amri ambayo CMS huiendesha yenyewe inapoanza) iandae diski za swapu zinazokaa kwenye memori, kisha mstari wa mwisho wa faili hiyo hiyo utoe amri ya IPL 150, au anwani nyingine yoyote yenye Linux. Hapo CMS inakuwa imeondoka, ilhali saraka bado inaitaja.

Kwa hiyo iulize CP, kiini cha z/VM kinachosimamia mashine pepe, hali ilivyo sasa. Ukiwa na daraja E la ruhusa, andika INDICATE USER na jina la mashine, kisha usome sehemu ya IPLSYS. Ikiwa ni CMS, au DEV 0190, basi ni CMS kweli. Ikiwa ni GCS (mfumo mdogo wa z/VM wa programu za mtandao), kwa kawaida ni RSCS au VTAM, programu za mawasiliano. Ikiwa ni DEV 0150, unajua diski iliyowashwa, lakini hujajua kilichomo, kwa sababu CP ni kama bawabu anayekumbuka mlango alioingilia mgeni bila kuuliza kabila lake. OPERATOR, EREP, DISKACNT na OPERSYMP usihangaike nazo. Ni za z/VM yenyewe.

Jibu la 2

Naongezea kuhusu zile za DEV, maana hapo ndipo penye kazi. Tumia SET OBSERVER ili maandishi ya konsoli ya mashine hiyo yakufikie wewe pia. Binafsi naipendelea kuliko SECUSER, inayokuruhusu pia kuituma amri mashine hiyo, kwa kuwa lengo ni kutazama tu, si kushika usukani wa mfumo usioujua. Ujumbe unaoanza na IEE, IEF au $HASP ni wa z/OS. Mistari inayotanguliwa na BG au F1 ni ya VSE, mfumo mwingine wa meinfremu wa IBM. Na Linux hujitambulisha yenyewe kwa ujumbe wa kernel au neno login.

Muuliza swali

Nashukuru. Zote za LNX zinaonyesha DEV 0150. Imebaki moja yenye DEV 0A80, na konsoli yake iko kimya.

Jibu la 2

Subiri kazi yoyote ianze au iishe humo. Kama ni z/OS yenye JES2 (sehemu yake inayopokea na kupanga kazi), $HASP itajitokeza. Ukishapata jibu, toa SET OBSERVER tena kwa mashine hiyo, safari hii ukimalizia na OFF.