Mafundi, joto halipunguzwi kwa kibodi!

Tabia hii ikome. Mteja analeta laptopu inayochemka hadi kujizima. Fundi anafungua Core Temp, programu ya kuonyesha joto la prosesa, anaweka -15 kwenye marekebisho, skrini inasoma nyuzi 68, pesa inaingia mfukoni. Prosesa iko 83 vilevile! Vumbi limeganda kwenye mapezi ya feni, pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka kama chokaa, na hakuna skrubu hata moja iliyofunguliwa.

Sensa iliyo ndani ya prosesa za Intel haitaji nyuzi ngapi. Inataja zimebaki ngapi kufika kikomo, yaani TjMax, halafu programu inaondoa namba hiyo kwenye kikomo. Kikomo ni 100, zimebaki 30, basi ni 70. Ukiidanganya programu kwamba kikomo ni 85, itaandika 55. Prosesa yenyewe haisomi mlichoandika: ikifika kikomo itapunguza kasi, ikizidi itajizima.

Kwenye Linux mnaumbuka upesi. Endesha amri ya `sensors` inayoonyesha joto, kisha soma `temp1_input` ya chipu hiyohiyo chini ya `/sys/class/hwmon`. Huko 71000 ni nyuzi 71, ghafi. Kama `sensors` inasema 56, tafuta mstari wa `compute`, unaobadilisha namba kabla ya kuonyeshwa, ndani ya `/etc/sensors3.conf` au `/etc/sensors.d`, uufute.

Marekebisho halali yapo, sikatai. Prosesa ya AMD Ryzen 7 1800X huripoti Tctl, namba ya joto ya kuongozea feni, iliyoongezwa nyuzi 20 makusudi, kwa hiyo kutoa 20 hapo ni sawa kabisa. Lakini hiyo imetoka kwa mtengenezaji, si kwa fundi anayeharakisha foleni.

Na nyinyi mnaohakiki sensa za joto za waya kwa maji yanayochemka mkiandika 100, mnapimia Mombasa? Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94. Mnaingiza kosa la nyuzi 6 kwa mikono yenu, halafu mnaliita usahihi! Ponda barafu ijaze kikombe, mimina maji ya kujaza mianya tu, koroga, zamisha sensa isiguse kikombe, ngoja dakika 3. Hiyo ni 0, Nairobi hata Lamu. Kipimo cha pili kiwe maji ya vuguvugu, nyuzi 50 hivi, kando ya kipimajoto cha kuaminika. Kosa likiwa tofauti kwenye vipimo hivyo viwili, kujumlisha namba moja hakutoshi.

Wateja, kabla ya kulipa, iendeshwe kwa mzigo kamili dakika 10 mkiona. Msitazame nyuzi, tazameni kasi ya prosesa. Ikianza GHz 3 ikaporomoka hadi 1.2, rudisheni mezani ifunguliwe.