Mjadala: Upasuaji wa kupunguza uzito uendelee kuwa kimbilio la mwisho, au umefika wakati wake?

Mleta mada
Wakuu, kwa miaka zaidi ya 30 tulikwenda na mwongozo wa 1991 wa taasisi za afya za Marekani: apasuliwe mwenye BMI (uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya 40 kwenda juu, au 35 ikiwa tayari ana ugonjwa unaoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa upasuaji huu, ASMBS cha Marekani na IFSO cha kimataifa, vilishusha kizingiti: 35 hata kama mtu haumwi chochote, na 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Naunga mkono. Ushahidi umetosha, hakuna sababu ya kumngojea mtu aharibike figo na macho ndipo apelekwe chumba cha upasuaji. Wanaopinga waje na hoja.

MezaYaTakwimu
Ushahidi upi, mkuu? Kila anayetetea hutaja utafiti wa Sweden, SOS, ulioanza 1987: watu 2,010 walipasuliwa, 2,037 wakaendelea na matibabu ya kawaida. Ripoti ya 2007 ilionyesha vifo vimepungua kwa karibu 29% baada ya kurekebisha tofauti za umri, jinsia na hatari nyingine. Vizuri. Ila hawakugawanywa kwa kura, yaani kwa bahati nasibu nani apasuliwe na nani asipasuliwe. Waliopasuliwa walichagua wenyewe. Halafu angalia walifanyiwa nini: 68% walifungwa tumbo kwa stepla na ukanda bila kukatwa kitu, upasuaji ambao leo karibu hakuna anayeufanya. Wa baipasi, yaani kifuko kidogo cha tumbo kuunganishwa na utumbo mbele zaidi, walikuwa 13% tu. Slivu, ya kukata sehemu kubwa ya tumbo libaki kama mrija, inayoongoza duniani sasa, hakufanyiwa hata mmoja. Tunachukua cheti cha kaka tunaombea kazi mdogo wake.

Na ripoti ya 2020 ya watu haohao: waliopasuliwa waliishi takriban miaka 3 zaidi ya wanene wenzao, lakini bado miaka 5.5 pungufu ya watu wa kawaida. Kisu kimesaidia. Hakijafuta deni.

Mshikakisu
La kura nakukubalia kwa upande wa vifo. Kwa kisukari hapana, majaribio ya kura yapo. STAMPEDE ya Marekani iligawa wagonjwa 150 makundi matatu. Baada ya miaka 5, waliofikisha HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu) ya 6.0% au chini walikuwa 5% kwa dawa peke yake, 23% kwa dawa na slivu, 29% kwa dawa na baipasi. Hilo lengo ni kali, wengi hatuwawekei wagonjwa wetu.

Tena si suala la kula kidogo tu. Baada ya baipasi sukari huanza kushuka siku za mwanzo, kabla hata mizani haijasogea, kwa sababu chakula kinafika mapema utumbo wa chini na homoni za huko zinaiamsha kongosho itoe insulini. Ndiyo maana dozi ya insulini hupunguzwa mgonjwa akiwa bado wodini. Ukimwacha na dozi yake ya zamani atazimia kwa sukari kushuka.

MezaYaTakwimu
29% maana yake 71% hawakufika. Nasema tu, ili mtu asiahidiwe "kupona kisukari" kwenye fomu ya ridhaa.

LisheKwanza
Mnabishana juu ya saa mbili za chumba cha upasuaji, mnasahau miaka 40 inayofuata. Baipasi huacha kifuko cha mililita 30 hivi, chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba. Huko ndiko chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi. Vitamini B12 nayo inahitaji asidi na protini inayotengenezwa na ukuta wa tumbo, na chakula hakipiti tena hapo. Kwa hiyo maisha yake yote: chuma milligramu 45 hadi 60 kwa siku, kalsiamu 1,200 hadi 1,500, vitamini D yuniti 3,000 kwa kuanzia, na B12. Kalsiamu iwe ya sitreti, maana ile ya kaboneti inataka asidi ambayo hana tena. Aigawe, isizidi 600 kwa mara moja, na aitenge na chuma kwa saa mbili, la sivyo vinanyang'anyana mlango. Protini gramu 60 hadi 80, tena ndiyo ya kuanza nayo kwenye sahani kwa sababu nafasi inajaa upesi.

Kinachonitisha zaidi ni kutapika. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Mgonjwa anatapika kutwa, anapelekwa dharura, anatundikiwa dripu ya glukosi. Glukosi inatumia kile kidogo cha B1 kilichobaki. Macho yanaanza kucheza, anayumba akitembea, anachanganyikiwa, na ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. B1 ya sindano inatangulia, glukosi inafuata. Ni dawa rahisi mno kwa hasara kubwa kiasi hicho.

Mshikakisu
Nakubali yote. Slivu nayo ina tabu zake ambazo watu huzipuuza kwa kuwa "haichezei utumbo". Tunaingiza mpira wa kupimia wa milimita 12 hadi 13 kupitia mdomoni, tunaanza kukata sentimita 4 hadi 6 kabla ya mlango wa kutokea tumboni, tunapanda na stepla hadi karibu na umio. Kama robo tatu ya tumbo inatoka. Kosa la kwanza ni kubana mno pale tumbo linapopinda katikati. Panapobana pale, presha inapanda juu yake, na juu kabisa karibu na umio ndipo damu inapofika kidogo. Hapo ndipo panapovuja, na hapazibi mpaka pale chini pafunguliwe. Dalili ya kwanza mara nyingi ni mapigo ya moyo kupita 120, tumbo likiwa bado laini. Anayesubiri tumbo likakamae amechelewa.

Kosa la pili ni kumfanyia slivu mwenye kiungulia kikali. Jaribio la SLEEVEPASS la Finland, watu 240, lilipowapima kwa kamera baada ya miaka 10 lilikuta umio umeungua kwa 31% ya wa slivu, dhidi ya 7% ya wa baipasi.

SindanoYaWiki
Mbona hamtaji dawa? Semaglutidi, sindano ya kupunguza hamu ya kula, kwenye jaribio la STEP 1 ilishusha uzito 14.9% kwa wiki 68. Tirzepatidi, sindano nyingine, dozi ya milligramu 15 kwenye jaribio lake ikafika 20.9% kwa wiki 72. Huko ni kuikaribia slivu bila stepla. Kizingiti kilishushwa wakati ambao mbadala ndiyo kwanza ulikuwa unaingia.

MezaYaTakwimu
Endelea na sura ya pili ya STEP 1: walioacha sindano walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja. Dawa nayo ni ya maisha. Tofauti ni kwamba sindano unaweza kuiacha ikikukataa, tumbo lililokatwa halirudishwi.

Na kuna jambo halijatajwa hapa. Utafiti wa Utah wa 2007 ulikuta vifo vyote kwa jumla viko chini kwa 40% kwa waliofanyiwa baipasi, lakini vifo visivyo vya magonjwa, zikiwamo ajali na kujiua, vilikuwa juu kwa 58%. Idadi yenyewe ni ndogo, ndiyo, lakini si ya kufumbia macho. Ongeza pombe: baada ya baipasi inaingia kwenye damu kwa kasi, glasi moja inafanya kazi ya mbili.

Mleta mada
Nimesikia. Nashusha hoja yangu ngazi moja: 35 ibaki, ila asiye na pa kupima damu kila mwaka, kuangalia vitamini na madini, asiguswe.

Mshikakisu
Ongeza na karatasi mkononi mwake. Baada ya baipasi uwazi unabaki nyuma ya utumbo uliohamishwa, na mafuta yakiisha unapanuka. Utumbo unaweza kupenya humo hata miaka mitatu baadaye, hasa mwanamke akiwa mjamzito. Sweden walijaribu kuziba uwazi huo: waliorudishwa kupasuliwa ndani ya miaka 3 kwa sababu utumbo wao umeziba walishuka kutoka 10.2% hadi 5.5%. Wamepungua, hawajaisha. Daktari asiyejua historia ataona maumivu yanayokuja na kuondoka baada ya kula, eksirei safi, ataandika vidonda vya tumbo na kumpa diklofenaki, ambayo ndiyo inayoleta kidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Kwa hiyo iandikwe: aina ya upasuaji, tarehe, uwazi ulizibwa au haukuzibwa, asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, akitapika B1 kabla ya glukosi, maumivu makali yasiyoeleweka aitwe daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.