Je, kujifunza Lugha ya Ishara kumekuwa na maana gani kwako?

Mkaazi wa Kisauni:
Assalaam alaikum ndugu zangu. Jioni baada ya kazi ninahudhuria mafunzo ya Lugha ya Ishara ya Kenya hapa Mombasa, na ningependa kusikia kutoka kwa waliotangulia. Nyumbani kwetu hakuna kiziwi. Kilichonisukuma ni fundi cherehani wa mtaani kwetu ambaye kwa miaka mingi nilimpelekea vitambaa, nikamwonyesha kwa kidole mahali pa kukata, nikalipa na kwenda zangu, bila kumjua hata jina. Sasa naketi dukani kwake, naye ananieleza habari za wanawe na bei ya nyuzi. Jamaa zangu huniuliza nitafaidika na nini ilhali sitaki kuwa mkalimani, na jibu la kuwatosheleza sina. Nyinyi mlipata nini? Na viziwi wenyewe hutuonaje?

Mama wa Likoni:
Wa alaikum salaam. Binti yangu aliacha kusikia akiwa mdogo, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Kabla sijajifunza ishara niliweza kumwamuru tu: kula, lala, njoo, keti. Sikuwa na njia ya kumsimulia lililopita wala kumwandaa kwa lijalo. Akiona tunafunga mizigo, hakujua kama tunahama au tunakwenda mazikoni. Bibi yake alipofariki, alikuwa akienda chumbani kwake kila asubuhi, anatazama kitanda, kisha anarudi. Muda mrefu baadaye, tulipokwisha kuwa na lugha, aliniuliza bibi alikwenda wapi, nami nikamweleza yote, na tukalia pamoja. Ndugu yangu, wakikuuliza faida, mimi yangu ni hiyo: nilipata kumjua mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Kiziwi wa Majengo:
Ndugu wa Kisauni, nami nijibu swali lako la mwisho. Tunafurahi mnapokuja, lakini tunampenda zaidi anayekuja kuketi nasi kuliko anayekuja kufanyia mazoezi ya mikono kwetu kisha akatoweka. Wengi hudhani lugha yetu ni Kiswahili kilichohamishiwa mikononi, na sivyo hata kidogo, kwani ina sarufi yake: neno la kuuliza mara nyingi huja mwishoni, na nyusi hubeba sehemu ya maana, ukizikunja unauliza nani au wapi, ukiziinua unataka jibu la ndiyo au la. Mwenye uso uliokauka hutuchosha kumfuata. Tena si lugha moja ya dunia nzima. Ndugu zetu viziwi wa Tanga wana Lugha ya Alama ya Tanzania.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali kuikuza lugha yetu, na kifungu cha 120 kinaifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Naithamini sana heshima hiyo, ila Bungeni mimi siendi. Naenda sokoni, zahanati na msikitini. Katika zahanati moja niliketi tangu asubuhi hadi benchi likabaki tupu, kwa sababu majina yaliitwa kwa sauti na hakuna aliyeniashiria. Mtu mmoja tu kama wewe angekuwa kwenye foleni ile, ningetibiwa mapema. Waeleze jamaa zako hivyo.

Mwalimu wa Tudor:
Ninakubaliana na ndugu wa Majengo. Darasa litakupa msamiati, lakini kasi na adabu za lugha hii hupatikana barazani kwa viziwi: kumgusa mtu begani kwa upole, kuwasha na kuzima taa ili kuwaita walio chumbani, kutopitapita ovyo kati ya wawili wanaozungumza. Endelea kwenda kwa fundi wako.

Mkaazi wa Kisauni:
Shukrani nyingi, na pole sana Mama. Ndugu wa Majengo, darsa za baada ya alasiri hapo msikitini kwenu, kuna wa kukufasiria?

Kiziwi wa Majengo:
Yupo mmoja, na huchoka. Karibu Jumamosi; mwanzoni utamsaidia kwa aya chache tu, naye atakusahihisha.