Safaricom au KenGen? Nimepakua ripoti za miaka minane, sasa naona giza

Mwana_Langoni (Lamu)
Asalam aleikum wanajamvi. Nataka kununua hisa na nimebakiza mbili, Safaricom ya simu na KenGen ya kuzalisha umeme. Broka wangu wa Mombasa anasema "zote nzuri", jibu ambalo halijanisaidia kitu. Mjomba wangu mhasibu kaniambia niachane na faida, niangalie taarifa ya mtiririko wa fedha, yaani pesa taslimu zilizoingia na kutoka, tena ya miaka mingi. Nimezipakua kuanzia 2018. Safaricom pesa za uendeshaji ni nyingi kila mwaka, lakini mwaka ulioishia Machi 2022 upande wa uwekezaji kuna shimo, pesa nyingi mno zimetoka. KenGen faida ndogo, pesa za uendeshaji zimeizidi mbali. Ipi bora?

Kasa_Malindi
Bora kwa lipi? Kiasi gani, kwa muda gani, na pesa zenyewe ni za nani? Huwezi kuuliza bei ya samaki bila kutaja samaki.

HesabuZaKale
Akijibu hayo mtaendelea. Mimi niseme la karatasi.

Shimo la 2022 ni kuingia soko la simu la Ethiopia. Leseni peke yake ilikuwa dola milioni 850. Safaricom haikuingia peke yake, kwa hiyo shuka kwenye ugharamiaji, sehemu ya mtaji, mikopo na gawio, utakuta pesa za wabia zikiingia. Shimo la namna hiyo si ugonjwa. Angalia miaka inayofuata: uwekezaji umerudi kimo chake, au bado unakula? Kila mwaka chukua pesa za uendeshaji, toa za mitambo na leseni. Kilichobaki ndicho gawio litoke humo. Safaricom ililipa shilingi 1.20 kwa hisa miaka mitatu mfululizo, 2023 hadi 2025. Hisa ni bilioni 40 na kidogo, basi piga kama bilioni 48 kwa mwaka. Kilichobaki kikiwa pungufu ya hapo, tazama mikopo mipya.

Mambo mawili yatakupoteza. Ripoti zina safu ya Kundi (kampuni mama pamoja na tanzu zake) na safu ya Kampuni (mama peke yake). Ukichukua Kundi mwaka huu na Kampuni mwaka jana, umelinganisha dafu na nazi. La pili ni kanuni ya kihasibu ya mali za kukodi, IFRS 16, iliyoanza 2019. Kodi ya pango iliyokuwa ikitolewa kwenye uendeshaji, sehemu kubwa ilihamia kwenye ugharamiaji. Kwa hiyo 2018 na 2021 si mizani moja: pesa za uendeshaji zilipanda bila mtu kuuza hata bando moja la ziada.

Bi_Mkunguni
Mie nilidhani hawa hawana shida ya pesa. Si wameshika M-Pesa ya nchi nzima?

HesabuZaKale
Hapana bibi. Salio lako la M-Pesa liko kwenye amana chini ya wadhamini. Kampuni inakula ada tu.

Nahodha_Mokowe
Hisa za nini? Nunua mashine ya arubaini, nguvu za farasi, funga kwenye mashua, mtiririko wa fedha utauona kila jioni bila mhasibu.

Kasa_Malindi
Na Kusi ikivuma?

Nahodha_Mokowe
Kusi tunashona nyavu.

Kasa_Malindi
Yaani pesa zinatoka, haziingii. Asante kwa ripoti.

Mwl_Ngomeni
Mnacheka. Faida isiyo na pesa mimi naijua. Miaka ya nyuma nilinunua hisa za kampuni moja, jina nalimeza. Kila mwaka gazetini ni faida, faida. Ukurasa wa mtiririko sikuwahi kuufungua. Nilipokwisha kulia ndipo nikatandaza ripoti za miaka sita kwenye meza ya chakula. Faida ilikuwepo kweli! Walikuwa wakiuza kwa mkopo na kuandika mauzo. Wadaiwa wakipanda kasi kuliko mauzo, mzigo ukijaa ghalani. Halafu kuna mwaka mmoja pesa za uendeshaji zikawa nzuri ajabu, hata mjomba wako angepiga makofi. Kumbe hawakuwalipa waliowaletea mali. Deni usilolilipa, kwenye ile karatasi linaonekana kama pesa iliyobaki mkononi. Mwaka uliofuata wakauza jengo, pesa ikaingia upande wa uwekezaji, nasi tukalipwa gawio tukafurahi. Tulikuwa tunakula mbao za jahazi tulilopanda. Hisa zikasimamishwa sokoni. Ziko kwenye akaunti yangu ya CDS, ile ya kuhifadhia hisa, mpaka leo, haziuziki wala hazizikiki. Mke wangu akiniona na karatasi za hesabu huuliza, "Umenunua nini tena?"

HesabuZaKale
Pole mwalimu. Ndiyo maana mwaka mmoja hautoshi.

Kwa KenGen: mitambo ya Olkaria, ya umeme wa mvuke wa ardhini, ni ghali, na uchakavu wake hupunguza faida bila senti kutoka mwaka huo. Usishangilie mapema, kwani visima vya mvuke hupungua nguvu na lazima vichimbwe vingine, hiyo ni pesa taslimu. Tena umeme karibu wote inamuuzia mteja mmoja, Kenya Power. Akichelewa kulipa utamwona kwenye mstari wa wadaiwa, basi uusome miaka yote minane. Mikopo ya sarafu za kigeni nayo: Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, kisha ikarudi 129 hivi. Faida huyumba na hayo, ila pesa hutoka siku ya kulipa awamu.

Kasa_Malindi
Mimi nasema dhamana za serikali, uikopeshe serikali ikulipe riba. Unajua tarehe, unajua kiasi.

Bi_Mkunguni
Na riba yake utaipeleka wapi, Kasa?

Kasa_Malindi
Hizo kampuni nazo hukopa kwa riba, bibi. Tusianze hapo. Mwana_Langoni hajajibu!

Mwana_Langoni (Lamu)
Samahani, mtandao ulikata. Ni laki nne na nusu, tumeuza mashua ya marehemu baba. Mdogo wangu anaingia chuo Septemba mwakani, nilitaka zizae kidogo kabla ya karo.

Kasa_Malindi
Sasa ndio unasema! Safaricom 2021 ilivuka shilingi 40. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15, na pesa za uendeshaji bado zikiingia kwa mabilioni. Karatasi inaweza kuwa safi na karo ukaikosa.

HesabuZaKale
Hapo sina ubishi. Nilidhani ni za miaka kumi.

Bi_Mkunguni
Mwanangu, mashua ya marehemu? Dada zako wamepata mafungu yao?

Mwana_Langoni (Lamu)
Tutagawa baadaye inshallah.

Bi_Mkunguni
Baadaye lini? Septemba?

Nahodha_Mokowe
Mliuza na mashine au mashua tupu?

Mwana_Langoni (Lamu)
Tupu. Mashine iko dakani kwa mama.

Nahodha_Mokowe
Ya ngapi? Kumi na tano au arubaini?